Gari la haibridi likigoma asubuhi, usikimbilie betri kubwa

Hebu fikiria, msomaji mpenzi, ni Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Umekwisha kunywa chai, watoto wamevaa sare za shule, na sasa unatoka nje kuwasha gari ili muwahi kupita Githurai kabla barabara haijajaa matatu. Unabonyeza rimoti ya ufunguo; mlango haufunguki. Unabonyeza tena, kimya. Unaingia kwa ule ufunguo mdogo wa chuma, unakanyaga breki, unabonyeza kitufe cha kuwasha, na gari linakujibu kwa mlio wa ka-ka-ka huku taa zote za dashibodi zikimemeteka kama mti wa Krismasi. Kisha giza.

Hayo ndiyo yaliyotukuta sisi nyumbani kwetu Mwihoko. Gari letu ni dogo, la haibridi, yaani lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Tulilinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na baba watoto hulitumia kubeba abiria wanaoita teksi kwa simu. Siku lisipotoka, hakuna kinachoingia mfukoni, na mwisho wa mwezi mkopo haungoji.

Vijana wa mtaani walikuja mbio kutusaidia kulisukuma. Likasukumwa, likagoma. Tukaita fundi. Fundi alifungua boneti, akatazama ndani kwa dakika mbili, akaifunga polepole kama daktari anayeleta habari za msiba.

"Mama, hii ni betri kubwa imekufa," akaniambia. "Tafuteni zaidi ya laki moja. Kuna moja iliyotumika naweza kuwaitishia leo."

Laki moja! Tulianza kuhesabu ni nani tunayeweza kumkopa. Kwa bahati njema, mzee mmoja jirani yetu, aliyestaafu kazi ya umeme, alikuwa amesimama langoni akisikiliza.

"Mwanangu, amepima?" akauliza.

"La, mzee, ametazama tu."

"Betri haitazamwi. Betri hupimwa."

Alikwenda nyumbani kwake akarudi na mita ndogo ya kupimia umeme. Baada ya nusu saa gari lilikuwa linawaka, na betri kubwa ilikuwa nzima kama siku tuliyoinunua. Iliyokuwa imeishiwa ni betri nyingine, ndogo, ambayo hata hatukujua kwamba ipo. Makala haya nayaandika ili nawe yakikufika usiingie katika deni kwa sababu ya jambo dogo.

Betri mbili katika gari moja

Magari haya si mageni tena mitaani mwetu. Kampuni ya Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwezi wa Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011. Honda nayo ina Fit na Vezel za haibridi. Kwa kuwa sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa nchini magari yaliyotumika ambayo hayajapita umri wa miaka minane, mengi ya magari hayo hatimaye hushuka katika bandari ya Mombasa. Na bei ya mafuta ilipopanda hadi lita moja ya petroli ikauzwa zaidi ya Sh211 jijini Nairobi mnamo Septemba 2023, wengi walianza kuulizana habari za gari linalokunywa kidogo.

Lakini wengi wetu tuliyanunua bila kujua yanavyofanya kazi. Gari la haibridi lina betri mbili, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni ile kubwa, ambayo kwa kawaida hukaa chini ya kiti cha nyuma au nyuma yake. Hiyo ndiyo inayozungusha mota ya kuendesha gari. Katika Toyota Aqua za kwanza ina nguvu ya volti 144 hivi, na katika Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka wa 2009, ina volti zaidi ya 200. Umeme wa nyumbani kwako ni volti 240, kwa hivyo unaweza kuona kwamba hilo si jambo la mchezo.

Ya pili ni betri ndogo ya volti 12, kama ilivyo katika magari mengine mengi. Kazi yake ni kuwasha taa, redio, vitasa vya milango, na zaidi ya yote, kompyuta za gari.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hukosea. Katika gari la kawaida, betri ya volti 12 huzungusha stata, nayo stata huamsha injini. Katika magari mengi ya haibridi, kama hiyo Prius na Aqua, stata ya namna hiyo haipo kabisa. Injini huamshwa na mota kubwa ya umeme, kwa nguvu ya betri kubwa. Lakini betri kubwa hufungiwa kwa swichi maalumu za umeme, ziitwazo rilei, ili isimdhuru mtu gari likiwa limezimwa. Na ni nani anayezifungua swichi hizo? Ni kompyuta, ambazo hupata umeme wake kutoka kwa ile betri ndogo.

Kwa hivyo betri ndogo ni kama bawabu mwenye ufunguo wa ghala. Ghala linaweza kuwa limejaa mahindi hadi darini, lakini bawabu akilala, nyumba nzima italala njaa. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Gari likishawaka, mambo hugeuka. Magari haya mengi hayana alteneta ya kawaida; badala yake kuna kifaa kinachoshusha volti za betri kubwa na kuichaji betri ndogo. Ndiyo maana betri ndogo ikiishiwa, betri kubwa iliyo kando yake haiwezi kuisaidia. Kifaa hicho hakianzi kazi mpaka gari liwe limewaka.

Nani aliyeimaliza betri yetu?

Kwetu jibu lilipatikana upesi. Jumapili mchana watoto walikuwa wakiliosha gari. Walibonyeza kitufe cha kuwasha bila kukanyaga breki, redio ikaanza kuimba, wakaosha kwa furaha hadi jioni. Walipomaliza walifunga milango wakaingia ndani kula.

Ukibonyeza kitufe hicho bila kukanyaga breki, gari haliwaki. Huamka nusu tu: redio hufanya kazi, simu huchajiwa, dashibodi huwaka, lakini umeme wote huo hunyonywa kutoka kwa betri ndogo bila chochote kurudishwa. Na kwa kuwa gari la haibridi huwa kimya hata likiwa limewaka, si rahisi kwa mtoto, au hata mtu mzima, kutambua tofauti.

Sababu nyingine ni gari kukaa siku nyingi bila kuendeshwa. Hata likiwa limefungwa, king'ora na kompyuta huendelea kunyonya kidogo kidogo. Mtu akienda mashambani kwa majuma matatu, anaweza kurudi akute halifunguki. Halikadhalika, gari lililosafiri kwa meli kutoka Japani na kungoja bandarini hufika likiwa na betri ndogo iliyochoka. Betri za aina hii zikiishiwa kabisa mara kwa mara huharibika moja kwa moja.

Hatua za kufuata

Gari lako likigoma, usipige kelele wala usipige simu bado. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, hakikisha si ufunguo. Rimoti ina kibetri chake cha mviringo kama sarafu. Kikiisha, gari halikutambui, hata ukiwa umekaa ndani yake. Ikiwa taa za ndani zinawaka kwa nguvu yake ya kawaida lakini gari linakataa, ugusishe ufunguo kwenye kitufe cha kuwasha huku umekanyaga breki, kisha ubonyeze. Likiwaka, dawa yako ni kibetri kipya cha ufunguo.

Pili, tazama kama umekanyaga breki barabara na kama giya iko kwenye P. Gari lililowaka sawasawa huonyesha neno READY au alama yake kwenye dashibodi. Usingoje ngurumo ya injini. Huenda isije mpaka uanze kwenda.

Tatu, tazama taa. Zikiwa hafifu, zikizimika unapobonyeza kitufe, au ukisikia ule mlio wa ka-ka-ka, shuku betri ndogo. Usiogope taa nyingi za onyo zikiwaka pamoja. Kompyuta zinazopata umeme haba huchanganyikiwa, na kila moja hulalamika kivyake. Taa hizo ndizo zilizomtisha fundi wetu.

Nne, pima. Mita ya kupimia volti ni kifaa cha bei nafuu ambacho kila nyumba yenye gari ingefaa kuwa nacho. Gari likiwa limezimwa na kutulia, betri ndogo iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, imeishiwa. Yetu asubuhi hiyo ilionyesha 9 na ushei. Hata redio isingeimba.

Tano, azima umeme kutoka kwa gari la jirani kwa waya za jampa. Hapa yafaa uangalifu mkubwa, kwa hivyo nitalieleza jambo hili peke yake.

Kuunganisha waya za jampa

Betri ndogo yenyewe haikai mahali pamoja katika magari yote. Katika Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na katika Prius nyingi iko ndani ya buti, upande. Tatizo ni kwamba buti hilo hufunguka kwa umeme, na umeme ndio uliokwisha! Ndiyo sababu Toyota iliweka kituo cha kuunganishia chini ya boneti, ndani ya sanduku la fyuzi, chenye kifuniko chekundu. Kitafute mapema, siku ambayo huna shida, na kitabu cha gari kikiwa mkononi.

Magari yote mawili yawe yamezimwa na yasigusane. Waya nyekundu ianzie kwenye alama ya kujumlisha ya gari lako, iishie kwenye alama ya kujumlisha ya betri ya jirani. Waya nyeusi ianzie kwenye alama ya kutoa ya betri ya jirani, iishie kwenye chuma kitupu kisicho na rangi chini ya boneti yako, mbali na betri. Kisha jirani awashe gari lake liungurume kwa dakika tano hivi. Keti kwenye usukani, kanyaga breki, bonyeza kitufe. Neno READY likitokea, ondoa waya kwa kurudi kinyumenyume: ile ya mwisho iwe ya kwanza kutoka.

Ole wako ukikosea kwa kuweka nyekundu mahali pa nyeusi! Katika gari la kawaida pengine ungeunguza fyuzi. Katika gari la haibridi unaweza kuunguza vifaa vya umeme vya bei ghali, na hapo hiyo laki moja uliyoiepuka itakuja yenyewe. Ukiwa na shaka yoyote, ngoja mtu anayejua.

Baada ya gari kuwaka, liendeshe au liache likiwa READY kwa muda wa saa moja, giya ikiwa kwenye P. Gusa betri kwa mita tena. Inapochajiwa yapaswa kuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Asubuhi ya pili ikishuka tena bila sababu, basi betri hiyo imezeeka na yataka kubadilishwa.

Na jirani akikuomba umeme siku nyingine? Soma kitabu chako kwanza. Watengenezaji wengi hawashauri gari la haibridi litumiwe kuamsha magari mengine, hasa malori na pikapu kubwa. Mpeleke kwa mwenye gari la kawaida, na urafiki utabaki.

Ama kuhusu kusukuma, waambie vijana ahsante na wakapumzike. Gari hili haliwaki kwa kusukumwa hata mkilifikisha Ruiru. Na ikibidi livutwe, magurudumu ya mbele ya Toyota hizi yainuliwe juu, kwa sababu yakizunguka huzungusha mota nayo huzalisha umeme.

Je, ikiwa kweli ni betri kubwa?

Sisemi kwamba betri kubwa haifi. Hufa, hasa katika magari ya miaka mingi. Lakini dalili zake kwa kawaida huja pole pole na gari likiwa linatembea: petroli inaanza kuisha upesi kuliko zamani, kipimo cha chaji kwenye dashibodi kinapanda na kushuka ghafula, feni iliyo karibu na kiti cha nyuma inavuma sana, nguvu za kupanda mlima zinapungua, na taa ya onyo ya mfumo wa haibridi inawaka hata baada ya betri ndogo kuwa sawa.

Tena kuna njia moja ya kuimaliza betri kubwa kwa mkono wako mwenyewe. Petroli ikikuishia barabarani, gari huweza kwenda kidogo kwa umeme. Dereva mwenye tamaa husema, "Nitafika tu." Betri kubwa ikikauka kabisa, waya za jampa hazitasaidia, kwa maana hakuna tena nguvu ya kuamsha injini. Hapo itabidi gari lipelekwe kwa fundi mwenye mashine maalumu ya kuichaji.

Fundi wa kazi hiyo achunguzwe kwanza. Muulize, "Utapima kwa nini?" Mwenye ujuzi atachomeka kompyuta kwenye gari, asome hali ya betri sehemu kwa sehemu, na akuonyeshe. Asiye na mita wala kompyuta, mpe chai aende zake.

Jambo la mwisho hapa ni la uhai, na naomba uwasomee watoto. Waya zote nene za rangi ya chungwa ndani ya gari hilo hubeba umeme wa betri kubwa. Zisiguswe, zisikatwe, zisichunwe. Mafundi waliofundishwa huvaa glavu maalumu za mpira, huchomoa plagi ya usalama, kisha hungoja angalau dakika 10 ili umeme uliobaki umalizike kabla ya kugusa kitu. Kijana wa jua kali mwenye bisibisi na moyo wa ushujaa anaweza kupoteza maisha yake.

Kinga ni bora kuliko tiba

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya machache yatakuepusha na karaha ya alfajiri.

Gari lisikae zaidi ya juma moja bila kuwashwa. Likiwa READY kwa nusu saa au zaidi, betri ndogo itapata chakula. Lakini usilifanye hivyo katika gereji iliyofungwa. Injini ya haibridi hujiwasha yenyewe wakati wowote, na moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksidi, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Ukisimama kwa muda mrefu kwenye msongamano, weka P badala ya N. Toyota hizi zikiwa kwenye N haziichaji betri kubwa.

Safisha kichujio cha hewa ya betri kubwa. Betri hiyo hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Sisi wa Mwihoko na vumbi la kiangazi tunajuana. Vumbi hilo huziba kichujio, betri ikapata joto na kuzeeka kabla ya siku zake. Wala usiweke mizigo mbele ya tundu hilo.

Ukinunua betri ndogo mpya, nenda dukani na ile ya zamani. Betri inayokaa ndani ya gari, kando ya abiria, ni ya aina maalumu iliyofungwa, yenye mrija wa kutolea hewa yake nje. Ukiweka ya kawaida kwa sababu ni rahisi, utakuwa umewaketisha watoto kando ya betri inayoweza kutoa hewa inayolipuka.

Na ukilinunua gari lenyewe, kabla hujalipa shilingi ya mwisho, uliza betri ndogo ni ya mwaka gani. Wengi huuliza habari za betri kubwa tu.

Sisi tulibadilisha betri ndogo siku ya tatu, kwa sehemu ndogo tu ya zile fedha tulizotajiwa. Baba watoto alirudi kazini, na marejesho ya mkopo yalilipwa kwa wakati wake. Watoto siku hizi huosha gari wakiimba wenyewe. Nami nimenunua mita, nimeiweka kabatini kando ya dawa za homa. Majirani wawili wamekwisha kuja kuiazima.

Katika lugha ya Kikuyu, Mwihoko maana yake ni tumaini. Nalo tumaini ni jema, msomaji, lakini gari likigoma alfajiri, anza kwa kupima.